Penye Miti Hapana Wajenzi: Habari za Upasuaji wa Mbao Kwetu



Ni desturi ya kijitabu hiki kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotutangulia, hutolewa nafasi ya habari moja ya kale, ili vijana wajue walikotoka na wazee wakumbuke waliyoyaona. Mwaka huu Kamati imeniagiza niandike juu ya mbao. Huenda mtu akauliza, mbao zina habari gani ya kuandikwa? Nami namjibu kwamba kila alalaye kitandani, kila afungaye mlango wake usiku, na hata yule ambaye Chama humpeleka nyumbani kwa mara ya mwisho, ana haja na mbao. Nasi tuliozaliwa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hatukosi miti mashambani mwetu. Lakini kati ya mti na mlango pana kazi kubwa, na habari za kazi hiyo ndizo nitakazozieleza.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Nitaonyesha kwamba zamani wajenzi walikuwapo, ila miti haikuwa yao. Na kwamba leo miti ni yetu wenyewe, ila wajenzi wametoweka, na mti mgumu wa miaka 60 unaishia katika gunia la makaa.

KABLA YA MSUMENO

Wazee wetu wa bara hawakuwa na msumeno. Mti ulikatwa kwa shoka, na aliyetaka ubao alilipasua gogo kwa kabari, kisha akauchonga ubao huo kwa tezo mpaka ukawa sawa. Mizinga ya nyuki, vinu na vigoda vilichongwa katika kipande kizima cha mti. Kwa kuwa kazi ilikuwa ngumu na ya siku nyingi, mtu hakuuangusha mti mkubwa pasipo haja. Kuna miti ambayo haikuguswa kabisa, kama mugumo, kwa sababu ilikuwa mahali pa sala na sadaka.

Ndugu zetu wa Pwani walikwenda mbele zaidi katika ufundi huu. Mafundi wa visiwa vya Lamu waliunda mtepe, chombo cha baharini ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari ya chuma. Kwa milango ya nyumba kubwa walitumia mbao ngumu kama mbambakofi, na pia msaji uliovuka bahari kutoka Bara Hindi, wakaitia nakshi ambayo wageni bado huja kuitazama. Boriti za mikoko zilizokatwa huko zilipakiwa majahazini hata Arabuni na nchi za Ghuba, kusiko na miti ya kutosha kuezekea nyumba. Tena upana wa chumba katika nyumba ya mawe ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha futi 8 hadi 10, hivi kwamba mti wenyewe ndio uliompimia mtu chumba chake. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia nzima. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tukumbuke kwamba waliounda walikuwa watu wa nchi hii.

SHIMO NA MSUMENO MREFU

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Garimoshi za mwanzo zilikula kuni, na misitu iliyo karibu na njia ya reli ikaanza kuonekana kuwa mali ya kuhesabiwa. Mwaka 1902 Serikali ya wakati ule iliweka Idara ya Misitu pamoja na sheria zake. Bwana D. E. Hutchins, aliyepata kuwa mkuu wa Idara hiyo, alitoa taarifa yake juu ya misitu mwaka 1909, akaisifu miti ya milimani. Tangu hapo misitu mikubwa ilitiwa mipaka, na mzee aliyekuwa akikata mwangati wa kujengea bila kumwuliza mtu alijikuta akihitaji cheti.

Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 msumeno mrefu wa kupasulia mbao ulienea bara. Wengi wa vijana wetu hawajauona ukifanya kazi, kwa hiyo yafaa nieleze. Lilichimbwa shimo lenye kina cha kupita kimo cha mtu, au likatafutwa gengeni mahali penye mteremko, na gogo likalazwa juu ya miti miwili ya kulishikilia. Uzi ulichovywa katika maji ya masizi, ukavutwa toka mwisho hadi mwisho wa gogo, ukainuliwa kidogo na kuachiliwa, nao ukaacha mstari mweusi ulionyoka. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, wa pili akashuka shimoni. Wa juu aliuinua msumeno na kuuongoza usiuache mstari. Wa chini aliuvuta kwa nguvu, kwa maana meno yake yalikata wakati wa kushuka. Unga wote wa mbao ulimwangukia yeye machoni na shingoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa chini. Alifanya kazi hiyo miaka ya 1960, baada ya Hali ya Hatari kwisha. Wazee watakumbuka kwamba mwezi wa Januari 1953 misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ilitangazwa kuwa mahali palipokatazwa watu kuingia, na maseremala wengi walikaa bila mbao kwa muda. Msitu ulipofunguka, baba akarudi shimoni. Msumeno haukuwa wake, gogo halikuwa lake, na mbao zilipopakiwa katika lori hakujua zilikokwenda. Nyumbani kwetu mlango ulikuwa wa mabapa ya madebe.

Hata hivyo haifai kusema kwamba watu wetu walikuwa wavutaji wa msumeno tu. Misheni zilifundisha useremala tangu mapema. Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe, alipokuwa kijana katika misheni ya Thogoto, alijifunza useremala kabla ya kuingia katika mambo ya siasa. Huko Kabete, chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1924 kilitoa maseremala na waashi waliojenga mashule na nyumba nchini. Kazi waliijua. Walichokosa ni mti walioweza kuuita wao.

MITI YATOKA MSITUNI YAJA SHAMBANI

Miti migumu ya asili hukua polepole, na misumeno ya viwandani haikuingoja. Tangu kiasi cha mwaka 1910 Serikali ilikuwa ikiwapa wafanyakazi ruhusa ya kulima vyakula kati ya miche michanga, nao wakaitunza mpaka ikatia kivuli. Utaratibu huo uliitwa kwa Kiswahili chetu, shamba. Miti iliyopandwa kwa wingi ilikuwa saiprasi na misonobari, ambayo mbao zake ni laini na hukua upesi. Katika miaka ya 1980 ukataji wa miti ya asili katika misitu ya Serikali ulikatazwa. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wote katika misitu ya umma na ya jamii, na amri hiyo ilikaa zaidi ya miaka mitano, mpaka Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa.

Sisemi amri hizo zilikuwa mbaya. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, alitufundisha kwamba palipo na mlima mtupu hapana mto. Lakini mlango wa msitu ulipofungwa, wanunuzi wa mbao waligeuza nyuso zao wakatazama mashambani. Ndipo mti wa mkulima ukawa na thamani ambayo baba zetu hawakuiona. Jambo lililowashinda wao sasa limo mikononi mwetu.

Tuitazame basi miti hiyo. Wa kwanza ni muuru, ambao hauoti kwa asili yake mahali pengine duniani ila katika Kenya, hasa katika nchi zetu za kandokando ya mlima. Mbao zake ni za kahawia zenye mistari mizuri, nazo hufaa kwa meza, viti na makabati. Wa pili ni grevillea, ambayo wengi huiita mukima. Asili yake ni mashariki ya Australia, ililetwa iwe kivuli cha kahawa na chai, na leo imesimama katika mipaka ya mashamba mengi. Hufaa kwa kazi za ndani ya nyumba, lakini ukiizika ardhini itaoza upesi. Wa tatu ni mkalitusi, mti mgumu wenye hasira: ukipasuliwa, mbao zake hupinda na kufanya nyufa kwa sababu ya nguvu iliyofungwa ndani ya gogo. Kule Pwani na Magharibi wenzetu wana mvule, ambao mchwa hauupendi. Lakini wapasuaji wake wajua kwamba ndani ya gogo mara nyingine hukaa jiwe, nalo huvunja meno ya msumeno. Mwangati si katika jamaa ya miti migumu, bali nautaja kwa kuwa kiini chake hustahimili mchwa, na kwa nguzo za ua haujapata mpinzani.

MSUMENO WA INJINI

Leo shimo limefukiwa. Kijana mmoja huja na msumeno wa injini, huuangusha mti asubuhi, na jioni mbao zimekwisha kupakiwa. Wepesi huo una bei yake, na yafaa tuihesabu.

Mnyororo wa msumeno wa injini hula kiasi cha milimita 8 za mti kila upitapo. Inchi moja ni milimita 25. Kwa hiyo kila mikato mitatu, ubao mmoja wa inchi umegeuka kuwa unga. Msumeno wa ukanda, ambao siku hizi huweza kukokotwa kwa gari hadi shambani, hula milimita 2 au 3 tu. Tena kijana akatapo kwa mkono mtupu, bila kuufunga msumeno katika fremu ya kuuongoza, ubao huwa mnene upande huu na mwembamba upande ule, na seremala atakapoupiga randa kuusawazisha, hasara huongezeka. Wapasuaji wa shimoni hawakuwa na injini, lakini walipiga mstari kwanza.

Sasa naungama kosa langu mbele yenu. Nyumbani kwetu palikuwa na muuru alioupanda baba karibu na zizi. Mwaka 2011 upepo uliuangusha. Nilipima gogo lake: upana futi 2, urefu futi 8, na hilo lilikuwa pande la chini tu. Ilikuwa siku za karo, na mchoma makaa alikuwa na fedha mkononi. Nikamwuzia. Mwaka uliofuata nilinunua mjini mbao za milango miwili na benchi. Zilikuwa mbichi nami sikujua. Kabla ya mvua za pili milango ilikuwa imepinda hata komeo halikuingia.

Baadaye niliketi nikafanya hesabu. Gogo la upana wa futi 2 na urefu wa futi 8 lina futi 25 za ujazo. Tuseme nusu nzima ipotee katika magome, vipande vya kando na unga. Nusu iliyobaki ni sawa na mbao za unene wa inchi 1 na upana wa futi 1, ambazo ukizipanga mwisho kwa mwisho zafika urefu wa futi 150. Hiyo ni milango yangu miwili, benchi, kitanda, meza ya chakula, na akiba ya kuweka darini. Vyote hivyo niliviuza kwa bei ya magunia ya makaa, na mti ule ulipandwa na mtu ambaye mlango wake ulikuwa wa madebe.

KUKAUSHA NDIKO KUPASUA

Wazee wa msumeno husema kwamba kazi ya kupasua ni ya siku, na kazi ya kukausha ni ya miezi. Mti uliokatwa una maji mengi. Maji yakitoka haraka, ubao hujikunja na kupasuka. Yakitoka polepole, hutulia. Katika nchi za Ulaya mafundi wa kale walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu hewa ina joto zaidi, na ubao wa inchi huweza kuwa tayari mapema kuliko hivyo, ila mti mgumu haupendi kuharakishwa. Haraka haraka haina baraka.

Njia yenyewe si ya siri. Mara gogo liangukapo, pakeni ncha zake rangi ya zamani au nta, kwa kuwa maji hutokea nchani kwanza na ufa huanzia hapo. Pasueni mapema, gogo lisilale mvuani. Tengenezeni jukwaa lililoinuka futi moja na nusu juu ya ardhi, mchwa usipate njia. Pangeni mbao, na kati ya tabaka na tabaka wekeni vijiti vikavu vya unene mmoja, kila baada ya futi moja na nusu au mbili, kijiti kikae juu ya kijiti mpaka juu. Wekeni mawe mazito juu ya fungu lote, na mabati ya kuzuia mvua na jua. Lakini pande ziachwe wazi, upepo upite. Asiye na chombo cha kupimia unyevu achukue kipande kimoja cha ubao akipime kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekauka kadiri hewa ya mahali pale inavyoruhusu.

Jambo jingine ni kutenga weupe na kiini. Sehemu nyeupe iliyo chini ya gome ina chakula ambacho wadudu hukipenda, nao huugeuza ubao kuwa unga hata ndani ya nyumba. Kiini ndicho chenye nguvu. Fundi akuleteaye ubao wenye weupe mwingi kwa bei ya kiini, mwambie umemwona.

Hata vipande visivyofaa mlango vina kazi. Vile vya kando vyenye gome hufaa kwa ua wa bustani na kibanda cha kuku. Mbao fupi hutosha mzinga wa nyuki wenye vijiti vya juu, ule uliobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, ambao hauhitaji tena gogo zima kutobolewa. Mbao pana hufanya benchi chini ya mwembe, lango la boma, na kingo za matuta ya mboga. Unga hutandikwa chini ya ng'ombe. Na wanachama mtaniwia radhi nikilitaja jeneza pia, maana mweka hazina ajua ni mara ngapi kila mwaka tunalinunua, na mbao zake mara nyingi ni laini, mbichi, na za bei ya juu.

NASAHA

Kwa hayo yote naomba mambo manne yafikiriwe katika mkutano mkuu. La kwanza, mwanachama asiuze mti mgumu ulioanguka kabla ya kuupima na kutaka shauri la seremala. La pili, kabla ya kukata au kusafirisha mbao, mtu aulize kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu juu ya ruhusa inayotakiwa, kwa maana hasara ya kushikwa njiani ni kubwa kuliko faida ya gogo. La tatu, Chama kijenge kibanda kimoja nyumbani cha kukaushia mbao, na kinunue fremu ya kuongozea msumeno, viwe vya kuazimana. Gharama yake haitashinda ile tunayoitupa kwa mbao zilizopinda. La nne, kila aangushaye mti mmoja apande miwili, na mmoja wao uwe wa asili, hata kama anajua hataupasua yeye.

Hilo la nne ndilo zito. Muuru wa baba haukupandwa kwa ajili yake. Alikuwa amesimama miaka mingi shimoni akipasua mbao za watu, naye alijua vyema mti kama ule huchukua muda gani. Aliupanda ili mimi nipate nisichopata yeye, nami nikauchoma. Mwaka huu nimepanda miuru minne mahali pale pale karibu na zizi, na wajukuu wangu wawili walishika miche nilipokuwa nikifukia udongo. Nimewaeleza jinsi ya kupiga mstari kwa uzi wa masizi. Kazi iliyobaki ni yao, na ya Chama kitakachokuwapo wakati huo.